Usimwone hasemi ukadhani hana la kusema!

Kama u mzima, shukuru. Na ukishukuru, usiishie kwenye miguu na tumbo, shukuru na ulimi pia, maana hakuna anayeukumbuka ulimi mpaka siku utakapogoma.

Wiki hii sina stori za mapenzi wala za mitindo. Vituko vimo kama kawaida, ila vinatoka kijijini. Nilikuwa Kishanda, kule Muleba, kwa Ba'mkubwa wangu, na nilichokiona huko nimeshindwa kukaa nacho peke yangu.

Kwanza nikupe picha ya mzee mwenyewe. Ba'mkubwa alikuwa mtu wa maneno kinoma. Posa za ukoo mzima mshenga alikuwa yeye. Kikao cha msiba, mwenyekiti yeye. Akianza kuchonga huku anatafuna kahawa yake, wageni mnasahau kwamba mlikuja kuaga. Basi bwana, mwaka juzi asubuhi alienda kukata mkungu wa ndizi, hakurudi. Mama mkubwa alipomfuata akamkuta amekaa chini ya migomba, mdomo umepinda, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Kiharusi!

Hospitali akalazwa, akatoka, na kutembea akaanza tena polepole kwa fimbo. Lakini maneno yote yalibaki huko yalikobaki. Akarudi nyumbani na neno moja tu, "Kumbe."

"Umekula Ba'mkubwa?" "Kumbe." "Unaumwa wapi?" "Kumbe!" "Simba na Yanga leo nani anakalishwa?" "Kumbeee!"

Mwanzoni watu tulicheka, nisikufiche. Halafu kicheko kikaisha, yakaanza maneno mengine. Wapo waliosema karogwa. Wapo waliosema akili zimeruka. Mwisho watu wakaanza kuongea juu ya kichwa chake kama mnavyoongea juu ya kiti. "Huyu mzee kala?" wanamuuliza Mama mkubwa, na mzee mwenyewe kakaa hapo hapo anawatazama. Mimi mtoto wake nilikuwa nachuchumaa, naamkia, nazuga dakika mbili, halafu natoa simu yangu nauchuna. Niliona namheshimu. Kumbe!

HII KITU INA JINA

Ugonjwa huu unaitwa afasia. Kwa lugha nyepesi, ni kuharibika kwa ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha, ambayo kwa watu wengi iko upande wa kushoto. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha upande wa kulia wa mwili, na ndiyo sababu mara nyingi utaona mkono wa kulia umelegea na maneno yamekimbia, vyote kwa pamoja.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi tunapochemsha. Afasia haili akili. Mtu anakujua wewe ni nani, anajua leo ni siku gani, anajua nani anamdai na nani anadaiwa. Kilichokatika ni njia ya kutoka kwenye wazo kwenda kwenye neno, na mara nyingi hata ile ya kutoka kwenye neno unalomwambia kwenda kwenye wazo.

Wala usidhani "Kumbe" ya Ba'mkubwa ni ya peke yake duniani. Mwaka 1861 daktari mmoja Mfaransa anaitwa Paul Broca alipokea mgonjwa huko Paris, jina lake Leborgne. Bwana yule alikuwa amekaa hospitali miaka 21, na karibu kila alichoulizwa alijibu "tan". Ndiyo hivyo, hospitali nzima ikamwita Tan. Alipofariki, Broca akaufungua ubongo, akakuta sehemu ya mbele kushoto imeharibika. Kuanzia hapo dunia ikajua lugha ina makao yake kichwani. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, akaeleza aina nyingine, ya mtu anayeongea kwa kumwagika bila kukwama, lakini maneno hayashikani, na yeye mwenyewe anayoambiwa hayamwingii vizuri.

Mnaopenda sinema mtakumbuka Machi 2022 familia ya Bruce Willis, jembe wa "Die Hard", ilitangaza kwamba anaacha uigizaji kwa sababu ya afasia. Februari 2023 wakasema chanzo ni ugonjwa unaokula ubongo taratibu, kwa hiyo yake ni tofauti na ya kiharusi. Anayefanana zaidi na wagonjwa wetu ni Gabby Giffords, mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi ya kichwa Januari 2011 kule Arizona. Huyu alipokuwa hawezi kuunga sentensi, aliweza kuimba! Nyimbo zikawa sehemu ya tiba yake.

Na sisi vijana wa mjini tusijifanye haya mambo ni ya wazee wa shamba. Kuna utafiti ulifanyika hapa kwetu kati ya mwaka 2003 na 2006, ukatangazwa 2010, ukilinganisha Hai kule Kilimanjaro na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata wagonjwa wapya wa kiharusi kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar je? Kama 316! Karibu mara tatu. Na kati ya watu watatu wanaopigwa na kiharusi, karibu mmoja hupata afasia. Presha ndiyo inayoongoza kwa kuleta kiharusi, na presha haipigi hodi. Nenda kapime, ndugu yangu, usisubiri mvi.

KIJIWE CHA JUMAPILI

Wataalamu wa tiba ya usemi ukanda wetu huu ni wachache. Hapo jirani Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008 tu. Kishanda usitegemee kumkuta mmoja anakusubiri barabarani. Ila ukoo wetu una bahati, tuna binti wa shangazi aliyesomea tiba ya viungo. Kijiji chote kinamwita Dada Daktari, ingawa mwenyewe hukataa hilo jina. Yeye alikuja kumnyoosha mzee mkono, akaona jambo. Mzee akiwa naye peke yake, anaulizwa hili anajibu "Kumbe", anaulizwa lile "Kumbe", baada ya robo saa anatazama chini, amechoka kufanyiwa mtihani.

Dada akauliza uliza. Akagundua mzee wetu si peke yake. Yupo Mwalimu, mama mstaafu. Yupo Dereva, aliyekuwa akiendesha malori mpaka Mutukula na kuvuka. Wote kiharusi, wote maneno yamewagomea, kila mmoja amefungiwa kwake. Akasema hawa nitawakalisha pamoja.

Basi kila Jumapili baada ya misa wanakutana barazani kwa Ba'mkubwa. Kuna sahani ya kahawa za kutafuna, kuna bao, kuna kalenda za zamani zilizokatwa picha, kuna fimbo ya kuchorea chini. Na kuna sisi wazima wawili watatu ambao tumepewa masharti makali: hakuna kumalizia mtu sentensi, hakuna kumsahihisha, na kabla hujaingilia ukimya uhesabu kimoyomoyo mpaka 10. Jamani, jaribu uone ilivyo kazi! Nilifika 4 nikawa nawashwa mdomo.

Siku yangu ya kwanza nilitegemea kuona huzuni tupu. Nilichokuta ni ubishi!

Salamu ndiyo inayofungua. Na hapo nikapigwa bumbuwazi la kwanza, maana Ba'mkubwa, huyu wa neno moja, alipoingia Mwalimu alimwitikia Kihaya safi, "Kasinge waitu!" Nikamgeukia Dada, akaniambia usishangae. Salamu, kuhesabu, sala na nyimbo ni vitu vilivyokwisha kuzoeleka, vinatoka vyenyewe kama gari linaloteremka mlima bila kukanyaga mafuta. Lililo gumu ni neno jipya unalotakiwa kulitafuta mwenyewe. Ukimwambia ataje namba 4 anakwama. Mwanzishie "moja, mbili, tatu..." anakumalizia mpaka 10.

Mwalimu yeye ni wa aina ile ya Wernicke. Anaongea kama redio, sauti ile ile ya darasani, ila maneno ni mchanganyiko. Amefundisha kwa Kiswahili maisha yake yote, lakini sasa Kihaya chake ndicho kinachoshikana kidogo kuliko Kiswahili. Hili nalo wataalamu wamelibishania zamani. Mfaransa Ribot alisema lugha ya utotoni ndiyo inayosalimika. Mwenzake Pitres, mwaka 1895, akasema hapana, inarudi kwanza ile uliyokuwa unaitumia zaidi. Wagonjwa wenyewe wamewaumbua wote wawili, maana kuna wa hivi na kuna wa vile. Cha kushika ni hiki: usimlazimishe mgonjwa lugha moja. Mpe zote alizonazo, aokote inayotoka.

Dereva anajua kila kitu isipokuwa majina. Kikombe ni "ile... ya kunywea". Lakini huyo mtu anachora! Ukimkabidhi fimbo anakuchorea barabara na kona zake zote. Na Ba'mkubwa ana "Kumbe" kumi. Kuna ya kukubali, ya kukataa, ya kutania, ya "nyamaza mtoto wewe". Nyumbani tulisikia neno tukaacha kusikia sauti. Dereva hakuacha. Ba'mkubwa alipokwama, Dereva ndiye aliyekuwa wa kwanza kubahatisha anataka nini, kwa sababu anakujua kukwama kulivyo.

Hapo ndipo nikaelewa kazi ya kundi. Mkikaa wawili, mzima na mgonjwa, mzima anauliza na mgonjwa anajibu, basi. Lakini mtu haongei ili ajibu maswali tu! Anaongea ili asalimie, atanie, abishe, adai zamu yake ya bao, amtetee mwenzake. Hayo yote yanataka watu. Na mahali ambapo wote wanakwama, hakuna wa kuonewa aibu.

Wala si nadharia ya Dada pekee. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Oakland, California, Roberta Elman na Ellen Bernstein-Ellis, walitoa matokeo ya watu 24 wenye afasia ya siku nyingi. Waliingizwa kwenye vikundi vya mazungumzo saa 5 kwa wiki, miezi 4. Waliotangulia kuingia walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya lugha na mawasiliano kuliko wenzao waliokuwa wakisubiri zamu, ingawa hao nao walikuwa wakienda kwenye shughuli nyingine za watu. Kwa hiyo kukutana kwenyewe hakutoshi. Mazungumzo yawe ya kupangwa, na awepo wa kuyaongoza.

NDIYO ISIYO NDIYO

Sasa shika kiti, maana hapa ndipo mambo yalipotaka kuharibika.

Familia ilikuwa na mpango wa kuuza kipande cha chini cha kibanja cha Ba'mkubwa. Mnunuzi yupo, bei imekubalika, na sisi vijana tumeshaahidiwa mgao. Nisikudanganye, mgao wangu nilikuwa nimeshaupigia hesabu mpaka senti ya mwisho. Jumamosi tukakaa kikao. Baba mdogo akamwuliza mzee kwa heshima zote, "Kaka, kile kipande cha chini tukiuze?"

Ba'mkubwa akasema, "Ndiyo."

Ndiyo! Neno jipya, amelipata kijiweni wiki chache tu. Kila mtu akafurahi. Kidau cha wino kikatolewa, mtu akamshika mkono wa kulia, ule mkono uliokufa, aupeleke dole gumba kwenye karatasi. Nilimwona mzee usoni. Nikakaa kimya.

Aliyesema ni Dada. "Ngojeni. Muulizeni kinyume."

Baba mdogo akaguna, lakini akauliza. "Kaka, kwa hiyo hutaki tukiuze?"

"Ndiyo."

Watu wakacheka. Baba mdogo akasema, mnaona, hajielewi huyu. Dada akajibu taratibu kwamba mtu mwenye afasia anaweza kutaka kusema hapana ikatoka ndiyo, na anaweza kuisikia ikitoka na asiweze kuirudisha. Hiyo haina maana kwamba hajielewi. Ina maana hatujamuuliza vizuri. Akaomba jambo moja tu, tungoje kesho kijiweni. Baba mdogo akakubali shingo upande.

Jumapili Dereva akachora kibanja chote ardhini kwa fimbo, nyumba hapa, barabara hapa, kahawa hapa, kipande cha chini kule bondeni. Dada akamwonyesha Ba'mkubwa noti, akagusa kile kipande, akanyamaza. Tukahesabu. 10 ikapita. 20 ikapita. Baba mdogo akataka kusema, Mwalimu akamkata jicho la darasani.

Ba'mkubwa akainuka. Akaenda na fimbo yake mpaka kwenye mpaka, akavunja kwa mkono wa kushoto tawi la mlamula. Kwa asiyejua, mlamula ndio mmea tunaopanda mipakani kwetu, na ndio unaotumika kupatanisha watu. Akarudi, akainama kwa shida, akalichomeka tawi katikati ya kipande cha chini. Halafu akaweka shavu kwenye kiganja, kama mtu anayelala, akashusha mkono usawa wa goti. Kitu kifupi. Kidogo.

"Kumbe," akasema, na ile ilikuwa ya kumi na moja, sijawahi kuisikia.

Dereva akahangaika. "Pale... pa kulala... pa marehemu... mdogo..."

Mama mkubwa akaanza kulia. Hapo ndipo tukaambiwa. Kabla mimi sijazaliwa, wakati Baba mdogo akiwa Mwanza, walimzika mtoto wao wa kwanza pale chini. Hapakuwekwa msalaba, mvua na miaka vikasawazisha. Mama mkubwa alijua muda wote. Hatukumuuliza naye!

Mwalimu, ambaye sentensi yake moja haikai sawa, akaanza sala ya marehemu. Na Ba'mkubwa akaipokea, akaenda naye neno kwa neno mpaka amina. Baba mdogo alivua kofia.

Baadaye mzee mwenyewe alichukua fimbo akatuchorea mstari mwingine, kipande cha juu karibu na barabara, akagusa noti, akatikisa kichwa kukubali. Dada akamuuliza kinyume, mzee akasukuma noti kando. Safari hii tulikuwa na uhakika. Hicho bado kinazungumzwa, ni kidogo na mgao wangu humo haumo. Mkwanja niliokwisha kuutumia kichwani umeyeyuka, nami nimenyamaza, maana nilipotakiwa kusema pale kikaoni nilinyamaza pia, na mimi ulimi wangu ni mzima.

UNAYE WA NAMNA HII NYUMBANI?

Najua wapo wasomaji wangu ambao wamemwacha baba, mama au bibi chumba cha nyuma. Mimi si daktari, ila haya niliyoyabeba kijiweni hayakugharimu chochote. Zima redio na runinga mnapoongea naye. Kaa mbele yake akuone mdomo. Sentensi fupi, jambo moja moja, na usipaaze sauti kwa sababu si kiziwi. Mpe karatasi, picha, kidole, wimbo. Kila ndiyo yenye uzito iulize mara mbili, na ya pili iwe kinyume. Usijifanye umeelewa kama hujaelewa, anakuona. Ukiweza, mtafutie wenzake wawili, na mtaalamu au mtu aliyefunzwa awaongoze.

Na ukiona mtu ghafla mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanapotea, usiitishe kikao wala usitafute mganga. Hospitali, mbio, hapo hapo! Saa moja ya kusubiri ni ubongo unaokufa.

Nilipoaga, nilichuchumaa mbele ya Ba'mkubwa kama kawaida. Simu niliiacha mfukoni. Nikamwambia naondoka, Jumapili ya mwisho wa mwezi nitarudi, na siku hiyo kwenye bao atanikoma. Nikaanza kuhesabu. Sikufika hata 5.

"Kumbe!" akasema, na safari hii sikuhitaji Dereva wa kunitafsiria.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.